Niliyojifunza Jikoni kwa Mgiriki wa Astoria

Sisi tuliokulia Tanga miaka ya 1980 tuliijua Ugiriki kupitia mabaharia. Kijana wa mtaani anapotea ghafla, nyumbani kwao wanasema "yuko safari", halafu baada ya muda mrefu inakuja picha yake amesimama Piraeus, bandari kubwa ya Ugiriki, na koti la baridi. Amezamia meli. Wengine walirudi na redio na viatu vya watoto, wengine hatukuwaona tena. Kwa hiyo nilipofika New York mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuambiwa kuna mzee wa Kigiriki huko Astoria, mtaa wa upande wa Queens wa jiji hilo, anatafuta mtu wa kuosha vyombo, nchi yake haikuwa ngeni masikioni mwangu. Nililokuja kulijua baadaye ni kwamba naye aliingia Marekani kwa njia ya bahari. Alikuwa baharia, meli yao ikatia nanga Baltimore, akashuka na nguo alizovaa na hakurudi tena melini.

Nilifanya kazi kwake miaka mingi. Nilianzia kwenye sinki nikaishia kwenye bamba la kukaangia mayai. Jina lake silitaji, hilo ni la familia yake. Hapa nitamwita Mzee, kama nilivyokuwa nikimwita. Naandika habari zake kwa sababu vijana wetu wanaokuja huku kubeba boksi huniuliza mtu anawezaje kuhangaika namna hii na bado akabaki kuwa mtoto wa watu na baba wa watu. Nami kila nikitafuta jibu, ninachokiona mbele yangu ni yule mzee.

Alizaliwa Kefalonia, kisiwa cha magharibi mwa Ugiriki, na utoto wake wote ulikuwa wa misukosuko. Waitalia na Wajerumani waliikalia nchi kuanzia 1941, na majira ya baridi ya mwaka huo njaa iliua watu wengi sana. Wajerumani walipoondoka 1944, haukupita muda Wagiriki wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, vita vilivyokwisha 1949. Watu hawajapumua vizuri, Agosti 1953 ardhi ikatetemeka siku kadhaa mfululizo. Tetemeko kubwa kuliko yote, la tarehe 12, liliangusha karibu kila nyumba kisiwani. Argostoli, ambao ndio mji mkuu, na Lixouri ulio ng'ambo ya ghuba, yote ikawa kifusi. Kilichonusurika ni kipande cha kaskazini, huko Fiskardo.

Familia yake ililala kwenye hema, mama akipika nje juu ya mawe. Baba yake, mkulima wa mizabibu na mizeituni, alimwambia mwanawe pasipo kuzungusha maneno kwamba nyumba itajengwa kwa fedha ya bahari, kwa sababu pale hakuna nyingine. Ndivyo vijana wengi wa Kefalonia walivyoondoka miaka ile. Mzee alipanda meli ya mizigo akiwa hajaota ndevu vizuri.

Huku Marekani nako mlango ulikuwa mwembamba. Sheria ya miaka ya 1920 iliwabana watu wa kusini na mashariki mwa Ulaya, na Wagiriki walipewa nafasi takribani 300 tu za kawaida kwa mwaka mzima. Utaratibu huo uliondolewa na sheria mpya aliyoisaini Rais Lyndon Johnson Oktoba 1965, na baada ya hapo ndipo Wagiriki walipomiminika Astoria mpaka mitaa ya Ditmars na 30th Avenue ikawa na maduka yao ya mikate, samaki na mafuta ya zeituni kila kona. Lakini Mzee alifika kabla ya hapo, na hakuwa na makaratasi. Alikuwa mwosha vyombo kwa Mgiriki mwenzake, akilala chumba kimoja na vijana wengine wa kisiwani kwao kwa zamu, mmoja akiamka mwingine anaingia kitandani.

Kipindi hicho ndipo baba yake alipofariki. Barua ilimfikia mazishi yameshapita. Hata ingekuja kwa simu ya upepo siku ile ile, asingeweza kwenda, maana akitoka asingeruhusiwa kuingia tena, na mama na wadogo zake walikuwa wanamtegemea yeye. Alinisimulia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunamenya viazi, na hakuacha kumenya. Makaratasi alikuja kuyapata baadaye, alipomwoa binti wa Kigiriki aliyezaliwa New York. Safari yake ya kwanza ilikuwa kwenda kusimama kwenye kaburi la baba yake na kumalizia paa la nyumba.

Kazi nayo haikuwa ya mchezo. Saa kumi na moja alfajiri, wakati treni inayopita juu ya 31st Street haijajaa watu, yeye alikuwa ameshafungua, kahawa inachemka, na viazi vilivyochemshwa jana yake na kulazwa kwenye friji viko tayari kukaangwa. Alinifundisha kwamba kiazi cha kukaanga kwa kifungua kinywa kikitoka moto sufuriani kinavurugika. Sharti kilale usiku kucha kipoe, ndipo kinashika rangi na kukauka vizuri nje. Trei ya mayai kushoto, siagi iliyoyeyushwa kulia, mwiko usiondoke mkononi. Oda inapigwa kelele kutoka mbele, hujaimaliza imekuja ya pili na ya tatu, nawe unatakiwa kuzishika zote kichwani.

Mzee alikuwa mkali, tusidanganyane. Sahani ikirudi na doa alikuita jina lako mbele ya wote. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokipika yeye mwenyewe kwa utulivu wa ajabu, nacho ni supu yao ya kuku yenye mayai na ndimu. Alipiga mayai na maji ya ndimu kwenye bakuli, kisha akachota supu ya moto upawa mmoja, akamimina kidogo kidogo huku anaendelea kupiga, akaongeza upawa mwingine, mpaka mayai yakazoea joto. Hapo ndipo alipoyarudisha yote sufuriani, moto umeshazimwa. Ukimwaga kwa pupa mayai yanakatika na supu yote imeharibika. Siku aliyoniachia kuipika peke yangu nilijua kwamba kazi nimeipata.

Jambo lililonifanya nimheshimu lilitokea mapema zaidi. Nilipotoka kwenye sinki kwenda jikoni aliniuliza, bila mtu kumwambia, ni vitu gani dini yangu hainiruhusu kushika. Nikamwambia nguruwe. Akahamisha kila kitu cha nguruwe kwenye bamba la pili, la mpishi wetu mmoja kutoka Puebla, Mexico, mimi nikaachiwa mayai, supu na saladi. Ijumaa mchana aliniruhusu kwenda msikitini Steinway Street, ambako Wamisri wana maduka na mikahawa yao, mradi nirudi kabla ya watu wa jioni. Hakulitaja tena jambo hilo, wala hakunifanya nijione nimefanyiwa hisani.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa aina ile ambayo Wagiriki waliimiliki kwa wingi New York, wa menyu yenye kurasa nyingi, unakuta pankeki, baga, spageti na moussaka, chakula chao cha biringanya na nyama, pamoja. Kahawa ya kubeba ilitoka kwenye kile kikombe cha karatasi cha bluu na nyeupe chenye michoro ya Kigiriki, ambacho jiji zima lilikijua. Wengi hudhani ni Mgiriki aliyekibuni. Alikibuni Leslie Buck miaka ya 1960, Myahudi mzaliwa wa Czechoslovakia aliyenusurika kambi za Wanazi na kuhamia New York. Alitaka kampuni yake iwauzie vikombe wenye migahawa, akaona Wagiriki ndio wengi, akawachorea vitu vya kwao. Mhamiaji mmoja alimwelewa mhamiaji mwingine. Hilo hunigusa mpaka leo.

Mzee hakununua biashara peke yake. Aliungana na msimamizi wake wa harusi, ambaye kwa Wagiriki ni ndugu kabisa, ndiye pia aliyembatizia mtoto wa kwanza. Waliweka akiba miaka mingi, kila mmoja akijua mwenzake ana nini mfukoni, wakanunua mgahawa miaka ya 1970, wakati jiji la New York lilikuwa karibu kufilisika na bei za majengo ziko chini. Baada ya hapo Mzee alishikilia jambo moja ambalo naliona ndilo lililowaokoa, akanunua jengo lenyewe. Mgahawa chini, wapangaji juu. Wenzake wengi waliokuwa wapishi wazuri kumshinda walifunga baadaye kwa sababu kodi ya pango ilipanda mpaka mayai na kahawa havikuweza kuilipa. Vijana wetu wanaofungua migahawa sasa wanauliza sana habari za mapishi. Mimi huwaambia waulize kwanza jengo ni la nani.

Upande wa familia, alikuwa na meza moja ya pembeni karibu na jikoni ambayo wateja hawakukalishwa. Ilikuwa ya watoto wake. Wakitoka shule waliingia pale, wakala, wakafanya kazi zao za shule, kisha mama yao akawapeleka shule ya jioni ya Kigiriki kanisani. Walilalamika. Walitaka kucheza kama wenzao. Mzee hakubishana nao, wala hakulegeza. Aliniambia bibi yao yuko Kefalonia hajui neno la Kiingereza, je, watoto waje kumwangalia kama picha ukutani? Sisi wa Kiswahili ughaibuni tunalijua vizuri jambo hili. Nimeona watoto wa rafiki zangu wanashikishwa simu waongee na bibi, wanabaki kucheka tu na kusema "shikamoo" kisha kimya. Wangu nilianza kuwasemesha Kiswahili tangu wako tumboni, na hilo nilikuwa nimelichukua kwenye meza ile.

Mtoto wa kiume wa kwanza alipewa jina la babu yake, yule ambaye Mzee hakumzika. Kwetu pia ndivyo tunavyofanya, sikuhitaji kuelezwa. Pasaka ndiyo siku pekee ambayo mgahawa ulifungwa mchana na usiku. Ijumaa Kuu waumini huzunguka mitaani na jeneza la maua na mishumaa, Jumamosi usiku wa manane wanatangaza ufufuko, kisha kila mtu anajitahidi kufikisha nyumbani mshumaa wake ukiwa bado unawaka, kiongozi wa nyumba achore msalaba kwa moshi juu ya mlango. Jumatatu yake Mzee alituletea mayai yaliyotiwa rangi nyekundu, tukayagonganisha jikoni, sisi sote, Waislamu na Wakatoliki, kuona la nani halivunjiki.

Siku niliyoielewa familia ile vizuri ni tarehe 14 Agosti 2003. Saa kumi na dakika kama kumi jioni umeme ulikatika New York nzima, na sehemu kubwa ya kaskazini-mashariki mwa Marekani mpaka Ontario, Kanada. Treni zilisimama. Watu waliokuwa wakifanya kazi Manhattan walivuka daraja la Queensboro kwa miguu kwa maelfu, viatu mkononi, jasho linawatoka. Astoria ilianza kujaa watu waliochoka, hawajui watafikaje kwao.

Majiko yetu yalikuwa ya gesi, kwa hiyo moto ulikuwepo. Feni ya kuvutia moshi ndiyo iliyokuwa imekufa. Mzee alifungua milango yote, ya mbele na ya nyuma, akakataza vitu vya moshi mwingi, akasema tupike kila kilichoko kwenye friji kabla hakijaoza. Samaki, mbavu za kondoo, kuku. Giza lilipoingia mke wake na watoto walishafika. Binti yake alichukua oda kwa mshumaa, na bei alizokuwa akitaja hazikuwa za kwenye menyu; mwenye watoto wadogo hakutajiwa bei kabisa. Kijana wake, wakati huo anasoma uhandisi chuoni, alizunguka jikoni bila tochi. Chumvi, visu, sahani kubwa, ufunguo wa stoo, kila kitu alikijua kilipo gizani, kwa sababu alikulia humo. Mimi niliyekuwa nikifanya kazi pale kila siku nilipapasa.

Mzee mwenyewe alikuwa amefunga. Waorthodoksi hufunga kuanzia tarehe 1 mpaka 14 Agosti, kabla ya sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15, hawali nyama wala maziwa. Alisimama mbele ya bamba mpaka usiku sana akiwapikia watu nyama ambayo haikupita mdomoni mwake, anakula mkate na zeituni kwenye kona. Nilimtazama nikakumbuka kina mama wa kwetu wanavyokaanga sambusa saa tisa alasiri mwezi wa Ramadhani. Kila baada ya muda alikwenda mlangoni kutazama barabara. Alikuwepo umeme ulipokatika Julai 1977, usiku ambao maduka mengi ya jiji yaliporwa na kuchomwa, na hakuwa ameusahau. Safari hii hakuna aliyekuja kuvunja. Walikuja majirani na viti vyao.

Mama yangu alifariki Tanga wakati makaratasi yangu yako kwa maofisa wa uhamiaji. Nikitoka, kurudi hakuna. Nilikwenda kazini asubuhi yake kwa sababu sikujua pa kwenda. Mzee alinitazama mara moja, akanivua aproni, akanikalisha kwenye meza ya watoto. Hakunipa pole za mdomo. Aliniuliza nani anamwosha, nani anachimba kaburi, nani atalala na baba yangu usiku ule. Maswali ya mtu anayejua. Kisha akanipa fedha za mazishi na hitima, tutakatana kidogo kidogo kwenye mshahara, akasema nisikope kwa mtu wa riba nikiwa na akili hiyo.

Wagiriki nao wana arobaini. Siku ya arobaini wanamwombea marehemu kanisani, wanagawa ngano nzima iliyochemshwa na kuchanganywa na zabibu kavu, lozi na mbegu za komamanga, juu wanaifunika sukari laini na kuchora msalaba. Hivyo ndivyo alivyomwombea baba yake, kwenye kanisa la Astoria, akiwa mwosha vyombo asiye na makaratasi. Arobaini ya mama ilipofika tuliisoma hitima kwenye chumba cha rafiki yetu, Watanzania, Wakenya na Wakomoro wachache. Mzee alikuja na mke wake wamebeba sinia ya ngano ile ile. Juu hapakuwa na msalaba. Mke wake alikuwa ameandika kwa lozi herufi ya kwanza ya jina la mama yangu. Walivua viatu mlangoni, wakakaa kwenye mkeka na sisi mpaka dua ikaisha.

Baadaye wiki hiyo alinifundisha namna ya kupiga simu nyumbani. Naona ajabu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alisema vijana tulioko mbali tunapiga simu kutangaza: hamjambo, nimetuma, mmepata? Mzazi anabaki na fedha na hana neno la kujibu. Muulize baba yako mambo yake, alisema. Nazi zimeangushwa? Yule jirani amerudisha ng'ombe? Mwambie jambo linalokusumbua akupe shauri, hata kama unajua utafanya nini. Yeye alimpigia mama yake kila Jumapili mpaka mama huyo alipokufa, na zamani kabla ya simu alimwandikia. Nilianza kumuuliza baba habari za kisima na mipaka ya shamba. Akachangamka. Mtu aliyekuwa akisema "haya mwanangu, Mungu akuweke" na kukata, akawa ndiye anayeniambia nisikate bado. Baba ameshatangulia mbele ya haki sasa, na nilimzika kwa mikono yangu, makaratasi yalikuwa yametoka.

Kuna jambo ambalo sikumfuata Mzee, na nalisema nikiwa nampenda. Alifanya kazi kupita kiasi. Binti yake aliniambia akikumbuka utotoni anaona mgongo wa baba yake mbele ya jiko. Meza ile ya watoto ilikuwa nzuri, lakini iliwekwa pale kwa sababu yeye hakutoka. Mahafali, safari za shule, jioni za kawaida za nyumbani, zote zilibebwa na mke wake, na huyo naye hakuwa amekaa, hesabu za mgahawa zilikuwa mikononi mwake. Nyumba ya Kefalonia aliijenga upya ikapendeza, akawa miaka mingine anakaa humo wiki chache za Agosti, akingoja sikukuu ya Mtakatifu Gerasimos ya tarehe 16, kisha anarudi jikoni. Ninawafahamu ndugu zetu wenye majumba makubwa Kigamboni na Tanga yanayokaliwa na mlinzi na mkewe, nao bado wako huku wanapiga zamu mbili.

Watoto wake hawakuutaka mgahawa, na yeye hakuwalazimisha. Mmoja mhandisi, mmoja mwalimu, mmoja daktari wa meno. Mzee alipochoka biashara iliuzwa, jengo likabaki la familia. Mimi na shemeji yangu tulikuwa tumeshafungua duka letu dogo la chakula, chapati, biriani Ijumaa, na supu ya kuku yenye ndimu ambayo wateja wanadhani ni ya pwani. Alikuja kulikagua na mke wake. Akafungua friji, akapitisha kidole chini ya sinki, akaonja supu, akaridhika. Kisha akaona kibao mlangoni kwamba Jumapili tunafunga, akakasirika kweli kweli. Jumapili ndiyo siku ya fedha! Nikamwambia Jumapili niko nyumbani na wanangu, na asubuhi tunapiga simu Tanga kwa shangazi zao. Hakukubali. Akanipigia hesabu ya hasara ya mwaka mzima kwenye kitambaa cha karatasi, mimi nikakataa, yeye akapandisha sauti, nami nikapandisha, mpaka mke wake akamwambia anyamaze ale chakula kinapoa.